Maneno Saba ya Sikudhani

Hadithi nyingine huja mbio. Hii inakuja kwa mkongojo, basi mwenye haraka atangulie, tutamkuta mbele amekaa.

Palikuwa na bibi mmoja, Bi Somoe, mkazi wa mtaa wa Mkwajuni, muuza bagia na ubuyu, umri miaka sabini na mmoja. Darasa la saba alilimaliza, na hilo alikukumbusha kila mlipoonana. Meno yalimbaki tisa, na yote tisa aliyatumia kusema. Mtaani walikuwa na mzaha wao: ukitaka habari ienee, usimwambie Bi Somoe, maana ataanza kuieleza na jua litakuchwa hajafika kwenye habari yenyewe.

Alikuwa akiishi na mjukuu wake, Hadiya, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii. Stashahada ilikuwa ukutani ndani ya fremu, na Hadiya alikuwa jikoni mbele ya karai. Mwaka wa pili huo.

Asubuhi moja Hadiya alifuta mikono, akasema, "Bibi, nina neno."

"Najua neno lako," alijibu Bi Somoe.

"Hujalijua, Bibi, sijalisema."

"Mimi nimekulea. Neno lako nalijua tangu likiwa tumboni." Hapo akaanza. Alisema kuhusu simu, kuhusu ndoa, kuhusu vijana wasioamka mapema, na jinsi yeye alivyotembea maili nne kwenda shule, maili ambazo mwaka juzi zilikuwa tatu. Alipomaliza, bagia zilikuwa zimeungua na Hadiya ameshakwenda zake kisimani.

"Unaona?" Bi Somoe akauambia ukuta. "Vijana wa siku hizi hawana la kusema."

Alasiri akatia ubuyu kwenye mkoba wake, akashika njia kwenda matangani ng'ambo ya kilima. Kuhusu njia tusipoteze muda: alipotea. Alipoinua macho alikuwa mbele ya lango lenye maandishi makubwa: KARIBU KINYWANI. WAZEE WASEME, VIJANA WASEMEWE.

"Huku," alisema Bi Somoe, "nimefika kwetu."

Langoni alikaa karani, Mzee Mfaume, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza cheti wala anakotoka.

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

Karani alisimama kwa heshima. "Na unaweza kusema kwa muda gani bila kunywa maji?"

"Mimi? Marehemu mume wangu aliacha kunijibu mwaka wa pili wa ndoa. Nikaendelea peke yangu thelathini mingine."

Karani akagonga muhuri. "Umeajiriwa."

Sasa, sheria za nchi ile zilikuwa hivi. Kijana ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka arobaini na mitano. Kijana ana haki zote: haki ya kusema barazani, haki ya kupiga kura, haki ya kuomba kazi. Ila kwa kuwa haki ni kitu kizito na kijana mifupa yake bado laini, haki hizo hubebewa na mzee, na mzee huyo huitwa Kinywa. Kinywa akisema, kijana amesema. Kinywa akiinua mkono, kijana amepiga kura. Na kwa kuwa vijana ni wengi na Vinywa wanapungua kila msimu wa baridi, Kinywa mmoja alikuwa akibeba vijana mia tatu na zaidi. Bi Somoe alipewa mia tatu na kumi na wawili, orodha yao ikamfika magotini.

Karani alimzungusha kumwonyesha nchi. Walianza na shule. Watoto walikaa kwa mistari, kimya, na mwalimu alikuwa kimya pia, akisahihisha.

"Wanasoma nini?" aliuliza Bi Somoe.

"Kunyamaza. Miaka saba ya msingi, minne ya kati. Wenye akili wanaendelea chuoni, wanasomea kunyamaza kwa kina. Tuna wahitimu wanaoweza kunyamaza kwa lugha tatu."

"Na wakimaliza?"

"Wanaitwa kwenye usaili wa kazi," alisema Mzee Mfaume, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli. "Hapo ndipo tunapovunjika moyo, Bi Somoe. Unamuuliza kijana swali, anakutazama tu. Hawajiamini! Tumeunda kamati tatu kuchunguza tatizo hili linatoka wapi."

"Ni malezi," alisema Bi Somoe papo hapo.

"Kamati zote zilisema hivyo hivyo!"

Kwa sababu kijana hajibu, usaili hujibiwa na Kinywa wake. Na kwa kuwa aliyejibu vizuri ndiye apewaye kazi, kazi zote za nchi ile walikuwa nazo Vinywa. Bi Somoe alionyeshwa golikipa wa timu ya vijana, mwenye miaka sitini na sita, amelala kwenye kiti katikati ya goli. Alionyeshwa mpanda minazi wa serikali, aliyekuwa na goti bovu lakini alieleza minazi kwa ufasaha wa ajabu. Minazi yenyewe ilikuwa imejaa nazi mpaka zinadondoka zenyewe, na chini yake vijana wamesimama na kamba mikononi, wakitazama juu, kimya kwa daraja la kwanza.

Bi Somoe hakuona ajabu yoyote. Kwake ilikuwa nchi iliyopangika. Hata mto wa kuegemea walimpa.

Jioni kijana wa kwanza kwenye orodha yake alimfikia. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mikono ina sugu, sketi imelowa mpaka magotini. Nje ya baraza kijana aliruhusiwa kusema na Kinywa wake, madhali hazidishi maneno kumi na matano.

"Shikamoo, Bibi. Naitwa Sikudhani."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikudhani nani? Maana kwetu kulikuwa na Sikudhani mmoja, alikuwa na mdogo wake—"

"Bibi." Sikudhani aliinua vidole. "Nina saba tu. *Ubao wa tatu umeoza. Nipeni kazi niubadilishe.*"

Na kwa kuwa maneno yake yalikuwa yamekwisha, alimshika mkono, akampeleka kuona.

Juu ya mji kulikuwa na bwawa, na bwawa lilizuiwa na lango la mbao tano zilizopangwa kwenda juu. Baba yake Sikudhani alikuwa Mlinzi wa Lango mpaka alipofariki mwaka ule. Sikudhani alikua akilala na sauti ya mbao zile. Alijua ipi imevimba na ipi imechoka. Ubao wa tatu aliubonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama mpaka kwenye fundo. Kisha akaonyesha mawingu juu ya vilima, halafu akaonyesha mapaa ya nyumba kule chini. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kanga zimeanikwa na mtoto anatambaa mlangoni. Hakuhitaji neno la nane.

Bi Somoe alimpigapiga begani. "Umefika kwa mwenyewe. Kesho nitayasema, na nitayatia chumvi kidogo."

Ile chumvi ndiyo iliyoharibu mchuzi.

Kesho yake Baraza lilikaa. Vinywa arobaini walikuwa ndani, kwenye mito. Vijana walikuwa nje, kwenye jua, nyuma ya madirisha yenye mapazia mazito ili wasije wakapigwa na upepo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bungara, miaka sabini na minane, ambaye pia alikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Vijana. Mada ilikuwa ile ile ya miaka kumi na mmoja: Kwa Nini Vijana Wetu Hawashiriki? Baraza lilikuwa limegawanyika. Nusu walisema ni uvivu, nusu walisema ni kiburi, na mzee mmoja aliyesema huenda ni mapazia aliombwa aende akapumzike.

"Kinywa mpya, Bi Somoe!" aliita Mzee Bungara.

Bi Somoe alisimama. Arobaini wanamtazama! Mtaani kwake watu wakimwona anafungua kinywa hukumbuka wameacha chungu jikoni. Hapa hakuna aliyekimbia. Akakohoa kidogo.

"Ubao wa tatu," alisema.

Nje, Sikudhani aliinua kichwa.

"Ubao wa tatu... mnanikumbusha! Kitanda changu cha harusi kilikuwa na ubao wa tatu unalia kama paka. Marehemu akigeuka, ubao unalia. Mimi nikigeuka, ubao unalia. Mama mkwe chumba cha pili anahesabu..." Wazee walicheka mpaka mito ikadondoka. Kutoka kwenye kitanda akaingia kwa mama mkwe, kutoka kwa mama mkwe akaenda shule, maili zikawa tano, na alipokaribia kumaliza akawageukia vijana nyuma ya mapazia, akawaasa wawe na heshima, waamke mapema, na wasikate tamaa. Baraza zima lilisimama kupiga makofi.

Alipokaa, jasho lilikuwa linamtiririka na ushungi unamwasha. Akapeleka mkono nyuma ya sikio kujikuna.

"Bi Somoe, kura mia tatu na kumi na mbili!" aliandika karani. "Hoja imepita!"

"Hoja gani?"

"Ya kupandisha umri wa ujana ufike miaka hamsini."

Nje kulisikika kishindo. Alikuwa bwana mmoja mwenye ndevu za mvi, aliyekuwa amebakiza siku sita kutimiza arobaini na mitano. Alikuwa amekuja na kanzu mpya. Bi Somoe alijikuna haraka sikio la pili, lakini wakamweleza kwamba sheria iliyopitishwa kwa kujikuna haifutwi kwa kujikuna. Inataka mjadala, na zamu ya mjadala ni baada ya miaka mitano.

Sikudhani alimsubiri mlangoni. Safari hii hakuhesabu vidole.

"Bibi, nilikupa maneno saba."

"Nimeyasema, mjukuu wangu. Hukusikia makofi?"

"Umesema matatu. Manne yamebaki mdomoni mwako. Tema basi nijiokotee mwenyewe."

"We mtoto, hizo ndizo adabu—"

"Kitanda chako kimefika barazani, Bibi. Mama mkwe wako kafika, na marehemu kafika. Watu wa kule bondeni ndio hawakufika. Maji yakija, yatasubiri umalize?"

Bi Somoe alifungua kinywa kujibu, na kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa hakukuta kitu. Alichokiona ni karai la bagia zilizoungua. *Hujalijua, Bibi, sijalisema.* Alisikia aibu ikimpanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akijua anakwenda wapi.

"Nifanyeje?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua.

"Nyamaza."

"Sijui."

"Sisi tumesomea miaka kumi na mmoja," alisema Sikudhani. "Wewe nakupa usiku mmoja."

Haikuwezekana kwa usiku mmoja. Bi Somoe alijaribu, akajikuta anamsimulia nzi. Lakini mtu mzima hakosi hila. Asubuhi alifungua mkoba wake, akajaza ubuyu mashavu yote mawili mpaka akawa kama panya buku aliyetoka shambani, kisha akamkabidhi Sikudhani ule mkoba. Maana sheria ilikuwa na tundu moja: kijana haingii barazani, isipokuwa kwa kumbebea mzee mzigo wake.

Barazani hakuna aliyemzuia kusema tena habari ile ile. Nchini Kinywani mzee hajawahi kukatazwa kurudia.

Akasimama. Nyuma yake akasimama Sikudhani na mkoba. Bi Somoe alinyamaza. Machozi ya ubuyu wa pilipili yalimtoka. Hadithi nne zilimjia, moja nzuri kweli, akazimeza pamoja na mate mekundu. Na katika ukimya ule sauti ikasema, wazi, haitetemeki:

"Ubao wa tatu umeoza. Nipeni kazi niubadilishe."

 Mzee mmoja aliamka. Mzee Bungara akavua miwani, akamtazama Bi Somoe, akasema:

"Bi Somoe, leo umesema kwa ufupi sana. Na sauti yako imekuwa changa! Unatumia dawa gani?"

Makofi yakapigwa. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Sikudhani. Walikuwa hawajui kwamba sauti inaweza kutokea upande ule. Kazi ya Ulinzi wa Lango ikapitishwa pale pale, na ufunguo wa shaba wa bwawa, mkubwa kama mwiko, ukavishwa shingoni mwa Bi Somoe.

Tuseme kweli, kwa kuwa hadithi bila kweli ni porojo: ulimpendeza. Maisha yake yote hakupata kushika cheo, hata ukatibu wa kikundi cha upatu walimnyima. Alitoka nje akiugusagusa. Alishaanza kufikiria namna atakavyopita nao mtaani Mkwajuni, polepole, upande wenye watu wengi. Hapo radi ikapiga juu ya vilima, na tone la kwanza likamwangukia puani.

Sikudhani alisimama mbele yake, mkono hakuunyoosha. Alikuwa akiutazama ufunguo wa baba yake.

Bi Somoe akatema ubuyu. "Nibebee," alisema, akauvua. "Shingo yangu inauma. Na popote utakapoona umekuelemea, kama vile pale kwenye lango la bwawa, utue."

Sikudhani alikimbia. Vijana walio chini ya minazi walimwona, wakaacha kutazama juu, wakamfuata na kamba zao. Mvua ilinyesha siku mbili. Ubao wa tatu ulitoka vipande vipande kama andazi lililolowa, ukaingia mpya, na maji yakabaki bwawani kwake. Katika nyumba ya kwanza kule chini hakuna aliyejua lolote, na mtoto akaendelea kutambaa.

Baraza lilifurahi. Kwenye kitabu cha nchi iliandikwa kwamba Bi Somoe, miaka sabini na mmoja, aliingia majini hadi kifuani akabadilisha ubao kwa mikono yake. Wakamtunuku cheti: Kijana Bora wa Mwaka.

Siku ya kuondoka Sikudhani alimsindikiza mpaka lango la kutokea. Ufunguo ulikuwa bado kiunoni mwake, alikuwa "anaubeba".

"Kitabuni wameandika nini, Bibi?"

"Wameandika mimi."

Sikudhani alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Maji hayasomi kitabu," alisema. "Lakini mimi nasoma."

Bi Somoe alikuwa na la kumjibu, lenye busara na methali mbili. Akatia punje ya ubuyu mdomoni, akaenda zake.

Alifika Mkwajuni asubuhi, Hadiya yuko kwenye karai. Bi Somoe akakaa kwenye kigoda bila kusema kitu.

"Bibi! Umetoka wapi siku zote hizo?"

Kimya.

"Bibi, unaumwa?"

Bi Somoe alitikisa kichwa. Hadiya akaacha mwiko, akaita jirani. Jirani akaita majirani. Mmoja akamwinua mkono kuona kama umepooza, mwingine akashauri apewe maji ya uvuguvugu, wa tatu akaanza kulia mapema, asije akachelewa msiba. Bi Somoe hakunena. Mwishowe waliondoka kwenda kumtafuta muuguzi, na Hadiya akabaki, amepiga magoti mbele yake, amemshika mikono yote miwili.

"Pengine hunisikii," alisema Hadiya. "Basi nitasema. Siku ile nilitaka kukuambia kwamba nimechukua fomu. Ya uenyekiti wa mtaa. Najua kura umeshamuahidi Mzee Kindamba, na najua kiti hicho amekishika miaka kumi na tisa. Lakini mfereji wa huku kwetu umeziba tangu nasoma, na vijana wenzangu wamekubali tuuzibue wenyewe, tunachokosa ni mtu wa kuweka saini. Niliogopa utacheka. Ndiyo neno langu, Bibi."

Lilikuwa refu kuliko maneno saba. Bi Somoe alilisikiliza lote, na halikufanana hata kidogo na lile alilokuwa akilijua tangu likiwa tumboni.

Akatoa punje ya ubuyu shavuni, akaiweka kiganjani.

"Fomu inataka wadhamini wangapi?"

Hadiya aliruka nyuma. "Kumi!"

"Mwandike Somoe. Wamebaki tisa." Akafikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Na hao tisa, sikiliza nikuambie, wa kwanza nenda kwa—"

Akajikamata. Akairudisha punje shavuni, akavuta kigoda kwenye karai, akaanza kugeuza bagia.